Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kikosi cha Mbwa wa Ulinzi: makosa ya mbwa nayo yaandikwe

Mheshimiwa Mkuu wa Kikosi,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu kumbukumbu za mbwa wanaonusa mabomu na dawa za kulevya. Daftari linalojazwa pale tu mbwa anapopata kitu hupendeza macho, lakini halimwelezi hakimu, wala wewe mwenyewe, kama mbwa huyo anaaminika.

Katika shauri la Florida dhidi ya Harris, lililoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2013, ilibainika kwamba askari aliyemwongoza mbwa Aldo aliweka kumbukumbu za kazini pale tu ishara ya mbwa ilipoishia kwa mtu kukamatwa. Kilichoifanya mahakama imwamini mbwa huyo ni rekodi za mafunzo, kwa kuwa, kama majaji walivyoeleza, mazoezini hujulikana dawa zimefichwa wapi, ilhali barabarani mbwa akilipita gari lenye dawa bila kuashiria, kwa kawaida kosa hilo halijulikani kamwe.

Kwa hiyo rekodi ya zoezi ndiyo yenye uzito, nayo ionyeshe aina na kiasi cha sampuli, ilikaa muda gani kabla ya msako, upepo na joto vilikuwaje, nani aliificha, na kama mwongozaji alijua ilipo. Hili la mwisho nalisisitiza kuliko yote. Utafiti wa University of California, Davis, uliochapishwa mwaka 2011, ulipima jozi 18 za mbwa na waongozaji mahali pasipo na harufu yoyote iliyotafutwa. Hata hivyo ishara nyingi ziliripotiwa, hasa palipowekwa karatasi ambayo waongozaji walidhani inaonyesha penye kitu. Zoezi ambalo mwongozaji anajua jibu lina faida yake katika kufundisha, lakini lisihesabiwe kuwa kipimo.

Chanjo, uzito na matibabu viandikwe pia, kwani mbwa mgonjwa hanusi vizuri.

Ninaomba utoe agizo kwamba misako mitupu, ishara za uongo na sampuli zilizokoswa ziandikwe siku hiyohiyo. Kwamba kosa la kalamu likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa saini, lisifutwe. Na kwamba mwongozaji asiadhibiwe kwa kuandika kosa la mbwa wake. Bila kinga hiyo, Mheshimiwa, hakuna atakayeliandika.

Wako mtiifu,
Mkufunzi wa mbwa wa ulinzi