Chunjua za mtoto na zile tembe tamu

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee kuhusu chunjua. Binti yangu wa miaka saba alitokwa na moja kando ya ukucha, ngumu, ina vidoti vyeusi katikati, na jirani akanielekeza duka fulani tao wanauza dawa za homiopathi, nikanunua chupa ya Thuja 30C (Thuja ni jina la mti) shilingi 1,800, nikawa namwekea tembe tamu chini ya ulimi kila asubuhi miezi mitatu mizima, na yeye huku anaitafuna ile chunjua mpaka zikaota zingine mbili kwa mdomo. Iliniuma sana.

Nikaanza kuuliza. Kumbe hiyo 30C ni sehemu moja ya dawa kwa 99 za maji ama spiriti, halafu unarudia hivyo mara 30! Ukipita mara ya 12 hivi, huwezi tarajia kubaki hata chembe ya huo mti. Chunjua inaletwa na kirusi, HPV, na kwa watoto nyingi hupotea zenyewe ndani ya miaka miwili, ndiyo maana watu huapa tembe zimewaponya.

Nesi alituonyesha jinsi ya kutibu ile ya kidole: loweka kwa maji ya vuguvugu, kwaruza polepole, paka asidi ya salisiliki kila siku, wiki hata 12. Usoni usipake kabisa. Wauzaji waandike kwa chupa, kwa Kiswahili, hiyo 30C maana yake nini.

Mama wa watoto wawili,
Kayole, Nairobi