Kijiji cha India hakielezwi kwa idadi ya watu na neno "barabara"

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ile makala ya kijiji cha wilaya ya Beed, jimbo la Maharashtra, imenitoa kimya. Mmetaja idadi ya wakazi hadi mtu wa mwisho, mkaongeza kwamba kijiji "kimeunganishwa na barabara", mkafunga habari.

Hesabu hiyo ni ya lini? India ilihesabu watu wake mara ya mwisho 2011. Sensa ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya UVIKO, na sasa inasubiriwa ya 2027. Mtoto aliyezaliwa baada ya makarani kuondoka leo yuko sekondari, na kwenye hesabu yenu hayumo.

Halafu hao makarani walipita lini? Tarehe 9 hadi 28 Februari. Mtu anayeijua Beed anashtuka hapo hapo, maana Februari ni katikati ya msimu wa miwa. Kila mwaka baada ya Diwali, sikukuu ya Wahindu ya Oktoba au Novemba, familia hufunga nyumba na kwenda kukata miwa magharibi mwa Maharashtra na jimbo jirani la Karnataka. Mume na mke huajiriwa kama kitu kimoja, wakiitwa "koyta", jina la panga lenyewe, na watoto wadogo huenda nao. Hurudi Machi au Aprili. Kwa kanuni ya sensa, aliyekuwa mbali siku zote hizo huhesabiwa alikokutwa. Sensa ya 2001 nayo ilifanyika Februari, na ndiyo iliyotumiwa na mpango wa barabara za vijijini, PMGSY, ulioanza Desemba 2000. Sharti lake lilikuwa watu 500 kwa kitongoji cha tambarare, 250 kwa milima, jangwa na maeneo ya makabila. Kitongoji cha watu 530 ambacho 40 wako kwenye miwa kinabaki na 490, na barabara kinaikosa. Mnawezaje kuandika idadi na barabara kama mambo mawili yasiyojuana?

Na hilo neno "kimeunganishwa"! Kwa mpango huo, kitongoji cha tambarare kilicho chini ya mita 500 kutoka barabara ya misimu yote hakihesabiwi kuwa kimekosa barabara. Tena "misimu yote" si lazima iwe lami. Inatosha maji yawe na pa kupita na gari lipite, na kukatika kwa muda kunaruhusiwa. Upana wa njia yenyewe ni mita 3.75, au 3 tu pale magari ni machache. Trekta lenye tela mbili za miwa likikutana na basi, mmoja lazima ashushe magurudumu kwenye bega la barabara. Udongo wa huko ni ule mweusi wa pamba: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka. Ukingo wa lami unamegeka, maji yanaingia chini, kalvati la bomba linaziba kwa tope, na msimu wa mvua unaofuata tuta linakatika. Mkandarasi anawajibika kwa matengenezo miaka 5. Baada ya hapo ni bajeti ya jimbo.

Barabara pia si basi. Huko watu hutegemea basi la serikali linalolala kijijini na kuondoka alfajiri. Wafanyakazi wa mabasi walipogoma tangu mwishoni mwa 2021 hadi Aprili 2022, lami ilikuwepo, wanafunzi wakatembea.

Reli nayo mnaiandika vivyo hivyo: "stesheni iko jirani", bila kusema ni treni gani inasimama pale. Treni za mwendo wa haraka hupita tu.

Safari ijayo andikeni mwaka na mwezi wa sensa, idadi ya kaya, saa ya basi la kwanza na la mwisho, na kilomita za kufika stendi kwa barabara. Daftari la vijiji la sensa huonyesha kama basi linafika kijijini, na kama halifiki, umbali wake: chini ya kilomita 5, 5 hadi 10, au zaidi ya 10. Mistari minne inatosha. Ipunguzeni ile picha ya ng'ombe, nafasi itapatikana.

Msomaji wenu,
Morogoro