Harambee kwa ajili ya njiti wetu: mirija, glovu na mafunzo ya wauguzi

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu Waislamu wa Ujiji na Mwanga, Asalaam aleikum, maana wodi ya watoto wachanga ni ya wote.

Harambee ya Jumapili ya mwisho wa mwezi huu tumeielekeza kwa watoto wachanga mahututi hapa Kigoma. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tununue mirija ya kupitishia dripu kitovuni badala ya blanketi. Mna haki ya kujibiwa.

Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kilo moja ana damu ya takriban mililita 100 tu mwili mzima. Kanula ya mkononi, ile sindano ya plastiki ya dripu, mara nyingi haimkai zaidi ya siku moja au mbili. Mshipa unavimba, anachomwa mguuni, kisha kichwani. Tena dripu ya sukari inayozidi asilimia 12.5 huunguza mishipa midogo, lazima ipite kwenye mshipa mkubwa. Siku za mwanzo mlango bado upo, nao ni kitovu. Mna mishipa mitatu humo: ateri mbili na vena moja, yaani mshipa unaopeleka damu kuelekea moyoni. Daktari hupitisha mrija laini kwenye ile vena hadi karibu na moyo, halafu eksirei huonyesha ncha imefika wapi. Mtoto wa chini ya kilo moja na nusu kwa kawaida huwekewa saizi 3.5, mkubwa zaidi 5. Mrija wa mtu mzima hauwezi kumfaa.

Hatutaki kuwaficha jambo: mrija huohuo unaweza kuua. Kijidudu kikipenya hapo kimeshaingia kwenye damu, karibu kabisa na moyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya fedha itanunua glovu za upasuaji, vitambaa visivyo na vijidudu, dawa ya kusafishia ngozi, na kugharamia mafunzo ya wauguzi, maana wao ndio wanaoulinda usiku kucha. Kwetu sisi, heri mirija michache yenye usafi.

Asiye na fedha alete mawese, dagaa wakavu, kuku, chochote. Vitanadiwa uwanjani baada ya misa ya pili. Wenzetu wavuvi wa Kibirizi na Katonga, tunawategemea sana. Ahadi ziandikishwe kwa mweka hazina wa jumuiya yako. Daktari wa watoto atakagua saizi kabla hatujalipa, na risiti zote zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo.