YAH: KULETEWA MALTIPLEKSA TUSIYOIAGIZA NA KUDHALILISHWA KAUNTANI KWENU

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima, na naomba uisome mwenyewe. Usiwape wale wa kaunta.

Sera yenu ya bidhaa iliyokosewa mnaijua. Mmeibandika ukutani, juu kabisa ya kichwa cha kijana aliyenihudumia.

Tuliagiza maltipleksa, kile kifaa cha faiba cha kuunganisha na kutenganisha rangi za mwanga, ya chaneli 40, yaani rangi 40, nafasi ya gigahezi 100 kati ya chaneli na chaneli, aina isiyohitaji umeme. Maneno hayo yamo kwenye oda, yamo kwenye ankara, na nyinyi wenyewe mmeyabandika kwenye boksi. Tumefungua boksi hapa Kigoma, nyuma ya kifaa kuna tundu la umeme. Nauliza kwa adabu: kitu kisichotumia umeme, tundu la nini?

Mlituletea ile ya hita, inayotaka umeme muda wote ili joto lake lisibadilike. Sisemi ni mbovu, mwenye umeme wa uhakika itamfaa. Lakini yetu inafungwa ndani ya kabati la chuma kando ya barabara, Mwandiga, ambako hakuna hata waya mmoja wa umeme. Rangi za mwanga zinatenganishwa pale, kila moja ishike njia ya mteja wake. Mafundi wenu wanapaswa kujua kuwa mle ndani mna kipande cha silika chenye vijia vingi vya mwanga, kila kijia kikimzidi jirani yake kwa urefu uleule, na ndiyo maana kila rangi inatokea mlango wake. Joto likibadilika, milango inahama, kama nanomita 0.01 kwa kila nyuzi moja. Hita ya nyuzi 70 ikizimika, kifaa kikapoa hadi nyuzi 25 za usiku, rangi zimehama karibu nusu nanomita. Kati ya chaneli na chaneli, zile gigahezi 100, ni nanomita 0.8 tu! Usiku mbili kijana wangu amelala pale Mwandiga akilinda betri ya gari na inveta ili hita isizime. Chai na mbu juu yake.

Nikapanda basi hadi Dar es Salaam, boksi mapajani, sikukubali liwekwe kwenye buti. Nafika kwenu, kijana anafungua, anachomoa kifuniko cha konekta, pale faiba inapochomekwa, anaifuta kwa pindo la shati lake, kisha anasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Mzee wangu, hii si spliti tu? Na huko Kigoma chaneli 40 mnampelekea nani, dagaa?" Watu wakacheka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimepiga simu wiki tatu. Mara mhusika yuko mkutanini, mara yuko safari, mara "tuma picha ya lebo". Nilituma picha ya lebo na ya tundu. Mtu akanijibu kwa alama ya dole gumba. Hiyo ndiyo huduma kwa wateja?

Narudi kwenye kaunta, maana bado inanikaa kooni. Nina miaka 52, na nilikuwa nimevaa koti nikijua naenda ofisi ya watu. Kiini cha faiba ni mikroni 9, jasho la kidole linatosha kuharibu kazi, na yeye amefuta kwa shati alilopandia daladala! Spliti inamgawia kila mtu mwanga wote uliopunguzwa, na ya njia 32 inakula zaidi ya desibeli 15 za nguvu ya mwanga. Hii inachambua rangi kwa rangi. Anayeuza vitu hivi hajui tofauti, halafu ananicheka mimi kwa dagaa. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni aliinamisha macho. Msimamizi wenu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya kijana huyo na kalamu mkononi. Hakusema kitu. Yule msimamizi ndiye aliyeniuma zaidi.

Nilipoanza kuandika nilitaka kifaa sahihi tu, mkilete kwa gharama yenu. Sasa nataka na nauli yangu ya kwenda na kurudi, na siku nne za kazi zilizopotea. Na barua ya kuomba radhi, yenye sahihi yako, si ya kaunta. Na konekta ile ikaguliwe kwa darubini mbele yangu. Mkishindwa, rudisheni fedha zote, si vocha ya kununulia vitu vyenu vingine.

Nawapa siku 14. Siku ya 15 jalada litakuwa Tume ya Ushindani, na picha za lebo na tundu zitakuwa kwenye kila kundi la mafundi wa faiba ninaowajua, kuanzia Kigoma, Kasulu, hadi Tabora. Tuko wengi, na tunanunua.

Kifaa chenu kipo, kimefungwa kwenye nailoni. Sitakileta tena. Mje mkichukue wenyewe.

Wako,
Fundi Mkuu wa Faiba,
Kigoma.

Nakala: Mwanasheria wetu.