Watoto wa Jabali wasiuzwe kwanza

Ngong, Jumapili usiku

Salim ndugu yangu,

Salamu nyingi sana. Huku hatujambo, mvua zimeanza, Mama Zuhura mguu umepona na anakusalimu, Kibe naye hatimaye ameoa. Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani. Leo nimeshindwa kulala kabla sijakuandikia.

Farasi wetu Jabali amekufa. Jumanne jioni alianza kugeuza kichwa akiutazama ubavu wake, akakwaruza chini kwa kwato, nami nikajua ni tumbo. Daktari alikuja, tukamtembeza mpaka alfajiri, halikufunguka. Nilikuwa nimemshika mwenyewe. Amepandisha misimu miwili tu, ameacha watoto wanne, mkubwa wao yule dume mwenye soksi nyeupe niliyekutumia picha yake. Sasa Mzee, mwenye farasi, anataka kuwauza wote wanne mwezi ujao. Anasema baba hakuwa na sifa na watoto hawajakimbia, kwa hiyo afadhali apate chochote mapema. Bei anayoitaja ni ya ng'ombe, Salim.

Tangu siku hiyo Dubai Millennium, yule farasi wa mbio wa Sheikh Mohammed wa Dubai, hanitoki kichwani. Unakumbuka ile Machi 2000, tulivyobanana mbele ya runinga ya kantini? Kombe la Dunia la Dubai, pale uwanja wa Nad Al Sheba, mita 2,000 za mchanga, mpanda farasi Dettori mgongoni, na farasi akatangulia mbele kana kwamba wengine wamefungwa kamba. Farasi Behrens wa Marekani alikuja wa pili, nyuma kwa urefu wa farasi sita. Wewe ndiye uliyetuambia kwamba mwanzoni aliitwa Yaazer, na kwamba Sheikh Mohammed alimbadilisha jina kwa sababu alishaamini kuwa ndiye atakayeshinda kombe la mwaka ule. Mtu anampa farasi jina la namna hiyo kabla hajathibitisha lolote, halafu farasi anakuja kulilipa! Alikimbia mara 10 akashinda 9. Aliyoshindwa ni mbio za Derby za Epsom, Uingereza, za 1999 peke yake, alikuja wa tisa, na mimi nasema mpaka leo kwamba umbali ule haukuwa wake.

Lakini si mbio zake zinazoninyima usingizi. Ni yale ya baadaye. Agosti 2000 alivunjika mguu mazoezini Newmarket, Uingereza, wakamwokoa, wakampeleka shamba la Dalham Hall akapandishe majike. Msimu wake wa kwanza haujaisha, mwishoni mwa Aprili 2001, ugonjwa wa nyasi ukamuua. Ule unaoua mishipa ya fahamu ya matumbo, chakula kinasimama ndani. Walimpasua, haikusaidia. Nilipokuwa namtembeza Jabali gizani, nilikuwa namwona yeye.

Aliacha watoto hamsini na ushei, wa msimu mmoja. Na Sheikh alifanya nini? Hakuuza. Alitafuta watoto waliokuwa kwa watu wengine, akawanunua. Katika hao ndimo alimotoka Dubawi, farasi mdogo wa umbo, mama yake Zomaradah, yaani zumaridi yetu hii hii. Mwaka 2005 akashinda mbio za Guineas za Ireland, kisha akaenda Deauville, Ufaransa, akashinda Prix Jacques le Marois, mbio alizoshinda baba yake 1999.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo ninapotaka Mzee asikie. Dubawi alipoanza kupandisha 2006, mwenye jike alilipa pauni 25,000. Kufikia 2009 walikuwa wamemshusha mpaka 15,000, watoto wake ndio kwanza wanaanza kukimbia. Mwaka huo huo mwanawe mmoja, Makfi, aliuzwa mnadani Tattersalls kabla hajakimbia hata mara moja, kwa gini 26,000, na gini ni pauni moja na kidogo. Mei iliyofuata Makfi akashinda Guineas ya Newmarket. Agosti akaenda Deauville, akampiga jike bingwa Goldikova katika mbio zile zile alizoshinda baba yake. Babu, baba, mjukuu! Na Dubawi? Mwaka 2022 alikuwa wa kwanza kati ya farasi wazalishaji Uingereza na Ireland, na 2023 bei yake ilikuwa pauni 350,000. Aliyemuuza Makfi alikuwa na mashamba na wataalamu, na bado hakuona. Mzee ataonaje, naye hata zizini hashuki?

Sisemi Jabali alikuwa Dubai Millennium. Nasema huyu mwenye soksi nimemlea tangu usiku aliozaliwa, nimemwona akikimbia na mama yake bondeni, na mwendo wake wa nyuma ni wa baba yake mtupu. Miaka miwili tu. Wakimbie kwanza. Nyasi zipo, mimi nipo, hata mshahara wa Desemba nimemwambia anaweza kuuchelewesha. Akaniambia mimi ni saisi, niache mambo ya hesabu.

Ndiyo maana nakuomba wewe. Tangu ulipomponya yule jike mwekundu, Mzee hukusikiliza kuliko hata wanawe. Mpigie. Usimwambie nimekuandikia, mwulize tu habari za Jabali, atakueleza mwenyewe, halafu mweleze hii ya Makfi. Ukisimulia wewe uliye Dubai atasikia.

Utaweza kumpata kabla ya Ijumaa? Bado ana ile namba yako ya zamani, au umebadilisha? Ulisema unaishi karibu na Nad Al Sheba: pale uwanja wa zamani ulipokuwa kuna alama yoyote iliyobaki, au uwanja mpya wa Meydan umefunika kila kitu? Umeshamwona mtoto wa Dubawi kwa macho yako? Ana mgongo ule mfupi? Na wewe mwenyewe, lile goti je?

Huyu mwenye soksi bado hajapewa jina. Mzee akikubali asiuzwe, nataka umpe wewe.

Nduguyo,
Juma