Barua kwa mwanangu: kisiki kinachochipua

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Umeuliza jinsi ya kutengeneza picha ya ukutani ya Pasaka kwa vitu vya porini, juu ya Ayubu 14:7, kwamba mti uliokatwa bado una tumaini la kuchipua. Neno ni zuri, ila lichagulie mti wake. Usitumie paini. Paini ikikatwa, kisiki chake huoza, ndiyo maana mashamba ya Sao Hill hupandwa miche mipya baada ya kuvunwa. Unaochipua kisikini ni mlingoti, yaani mkaratusi. Huku Mufindi hata mtoto anajua hilo, na mimi nisingependa ukiri ufufuo kwa mti usiochipua.

Tafuta plaiwudi ya milimita 12, sentimita 40 kwa 60. Isugue kwa msasa, kisha zimua gundi nyeupe ya seremala, sehemu moja kwa maji sehemu mbili, upake pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu, ule mwingine utanyonya unyevu wa masika na ubao utapinda.

Udongo mwekundu ukaushe, uutwange, uuchekeche kwa kitambaa chepesi. Vikombe viwili vya udongo kwa kikombe kimoja cha gundi, na maji kidogo kidogo mpaka uwe kama uji mzito. Hapa ndipo wengi huharibu: wanabandika tope nene kwa mkupuo mmoja. Udongo hunywea ukikauka, na tabaka nene hupasuka na kubanduka. Weka tabaka la milimita mbili, lilale usiku kucha, ndipo uongeze. Usikaushe juani.

Kisiki kitengeneze kwa magome ya mlingoti yaliyobambuka yenyewe. Yaloweke kwenye maji ya moto mpaka yalainike, uyabane kati ya mbao mbili mpaka yakauke kabisa, kisha uyafunge kwenye mfuko na kuyaweka kwenye friza kwa wiki moja, maana wadudu hujificha ndani. Ukitaka kuongeza ulezi au alizeti, zikauke vizuri na zipite friza hiyo hiyo. Usizikaange ili kuua wadudu. Mbegu iliyokaangwa haioti tena, na picha yako inahubiri kuota.

Majivu yapake kuzunguka kisiki, yakiwa yamechanganywa na gundi. Yasiguse petali: yana magadi, na magadi hubadili rangi ya maua mekundu na ya zambarau. Maua chuma nyumbani au kando ya shamba. Ya Kitulo yaache Kitulo. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Yabane ndani ya magazeti chini ya mzigo wiki mbili, ukibadilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo, la sivyo ukungu wa huko Mbeya utayaotesha kuvu.

Machipukizi usiyagandishe kwa gundi. Majani machanga ya mlingoti yana nta, gundi ya maji haiyashiki vizuri, na kijani chake hufifia hata ukipaka vanishi. Toboa matundu matano ya milimita 4 kupitia gome hadi ndani ya ubao, utie nta ya nyuki kidogo, uchomeke vikonyo. Kila mwaka kabla ya Pasaka yang'olewe yachomekwe mapya, na wanaoyachuma wawe watoto wa shule ya Jumapili. Mimi naona kazi hiyo ya kila mwaka ndiyo kiini cha picha nzima.

Machipukizi ya zamani myachome, majivu yake uyachekeche na kuyahifadhi kwenye kopo kavu. Ukingo wa majivu humeguka kila picha inaposhushwa ukutani, na utayahitaji kuuziba.

Baba yako anakusalimu sana.

Mama yako,
Mafinga