Wasafiri wa magari ya kulala watengewe maegesho

Mhariri,

Anayepita Mafinga au Makambako jioni huyaona: magari ya watalii yenye kitanda na jiko ndani, namba za Ujerumani au Afrika Kusini, yamebanana na malori kwenye kituo cha mafuta. Wageni hawa hawatafuti hoteli, kitanda wanacho. Wanachokosa ni mahali halali pa kuegesha hadi asubuhi.

Nchini Ufaransa, hata miji midogo imetenga maegesho ya aina hiyo: kokoto chini, bomba la maji, na shimo la kumwagia maji machafu na choo cha gari. Mgeni hulala usiku mmoja au miwili, akanunua mkate, akaendelea na safari.

Halmashauri zetu kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma zina viwanja vya minada vinavyokaa vitupu siku zisizo za mnada. Zianze na kimoja: taa, mlinzi, bomba, na shimo la choo lililojengwa sawasawa (hapo pasifanyiwe mzaha). Ada ilipwe kwa namba ya malipo ya serikali, siyo mkononi mwa mlinzi. Mama lishe watafika wenyewe, hawahitaji kuitiwa kikao.

Msomaji,
Iringa